Kuuchagulia Muziki Mji wa Ukuta

Kila kijana anayetaka kuifanya kazi hii huja kwangu na swali lile lile, tena hulitoa kabla hajamaliza chai: "Mzee Makame, nitumie programu gani?" Sijui. Sikuwahi kujua. Programu alikuwa akizishika Latifu, mtu wetu wa kompyuta, na hata yeye alikuwa akizitukana kutwa. Mimi nilikuwa na masikio tu, la kulia zima, la kushoto limeharibiwa na miaka ya kukaa ubavuni mwa mpiga ngoma, na kwa masikio hayo nimeichagulia muziki michezo ya kompyuta kwa miaka minane, katika umri ambao wenzangu walikuwa wakilinganisha vidonge vya presha. Sasa nimestaafu kwa mara ya pili, na safari hii mke wangu, Bi Mize, amezificha hedifoni. Basi sikilizeni ninachokijua. Kingi chake ni makosa.

Kwanza mjue nilikotoka, msije mkadhani nimesomea. Mimi ni mtu wa Mkokotoni na nilikuwa mpiga sanduku wa kidumbaki, ngoma ya maharusini. Kwa nyinyi mliozaliwa harusi zikishaanza kupigiwa spika: kidumbaki chetu kilikuwa watu watano. Fidla moja, vidumbaki viwili, vile vingoma vidogo, vya kupigwa na mtu mmoja, cherewa za kutikisa, mkwasa wa kugonganisha, na sanduku. Sanduku ni sanduku kweli, la majani ya chai, limefudikizwa, likatobolewa, likatiwa fimbo na uzi wa kuvulia. Ukiivuta fimbo uzi unakaza na sauti inapanda, ukiilegeza inashuka, na uzi ukikatika unakuchapa usoni mbele ya bibi harusi. Mkubwa wetu alikuwa Fundi Vuai, mpiga fidla na mwitaji. Yeye anaita, sisi wanne tunaitika.

Fundi Vuai alikuwa na ulimi wa pilipili. Harusi yangu ya kwanza nilijitahidi sana, nimekodoa macho kwenye uzi wangu, mara nikasikia ananong'ona huku anaendelea kupiga.

"Makame, unafanya nini wewe?"

"Nnapiga nyimbo, fundi."

"Nani kakwambia upige nyimbo? Piga miguu ile."

Akanionesha kwa kidevu miguu ya wanawake waliokuwa uwanjani. Nikaelewa baada ya muda mrefu, na baada ya matusi mengi. Katika kidumbaki nyimbo haimaliziki. Moja inaingia ndani ya nyingine kwa saa nzima, na anayeamua ni anayecheza. Wakichoka unateremka nao. Mmoja akikolea, unabaki hapo hapo kwenye kipande kile kile, unakizungusha na kukizungusha mpaka aridhike mwenyewe. Nilijifunza kupiga kwa macho. Sikujua kwamba nilikuwa nasomea kompyuta.

Kundi letu lilipokwisha, nilipanga chumba cha chini Mji Mkongwe, nikawa narekodia watu kanda, baadaye sidii, baadaye hakuna aliyetaka hata kimoja, nikawa nakaa tu nasikiliza. Juu yangu, kwenye sakafu ya mbao inayopitisha kila kitu, alihamia Nasra. Binti wa mjini, ameacha kazi ya ofisi ambayo mama yake alikuwa akiitaja kwa watu hata asipoulizwa. Alikuwa akitengeneza mchezo wa kompyuta na mwenzake Latifu. Siku moja nikasikia hatua kwenye ngazi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Nnakupigieni kelele?"

"La. Nataka nkuulize. Ile nyimbo ulokuwa ukipiga sasa hivi, mbona umeikata katikati ukatia nyengine?"

"Mvua imeanza. Ile ilikuwa ya jua."

Akanitazama kama mtu aliyeokota kitu njiani na hajui kama kina mwenyewe. Kisha akaniambia nipande juu. Huo ndio usaili wangu wote.

Mchezo wenyewe ulikuwa hivi. Mji ni huu huu wetu, miaka mia ijayo. Bahari imezungushiwa ukuta, hakuna anayeiona. Maji ya kunywa yanatoka kwenye mashine ukiweka kidole, na kidole kikikataliwa huna maji. Angani kuna kunguru wa chuma wanaoona kila kitu na kukipeleka kwa mtawala, anayeitwa Mkuu wa Ukuta, ambaye huhutubia kutwa kwenye vipaza sauti. Mchezaji ni msichana mmoja, kazi yake ni kuuvuka mji mpaka ukutani, akiwakusanya watu njiani mmoja mmoja.

"Nasra," nikamwambia, "maji hayatoki, kunguru wametujaa, na mkubwa anasema peke yake. Hiyo miaka mia ijayo iko wapi hapo?"

"Mzee, ngoja nmalize. Sheria ya kwanza ya mji, watu watatu hawasimami pamoja."

"Na harusi je?"

"Hakuna harusi."

Hapo niliona kweli huo ni mji mbaya.

Sasa shikeni hili, maana mengine yote yanakwenda nalo. Kulikuwa na wageni, watu wa kampuni ya nje, waliokubali kuutoa mchezo wa Nasra duniani kwa sharti moja. Wangekuja kuucheza. Muziki wa mji usipomtisha mtu wao, watautia wa kwao, na ukiingia wa kwao na mji utabadilishwa jina na majumba ufanane nao. Nasra alinisikilizisha huo wa kwao. Mashine zinaguna, halafu inakuja kwaya ya watu wanaoonekana kuwa na baridi.

"Mzee Makame," akaniambia, "wakiutia huu, mji si wangu tena. N'takuwa nmeacha kazi ili nende nkawajengee watu mji wao."

Hakulia, lakini alikuwa ameushika mkono wa kiti kwa nguvu, na mimi nikajiona nimeshaingia kwenye jambo la mtu. Tangu siku hiyo sikuwa nikichagua muziki wa mchezo. Nilikuwa naulinda mji wa Nasra usichukuliwe, na silaha yangu ilikuwa sanduku la chai.

Kosa langu la kwanza nililifanya asubuhi iliyofuata. Nilileta nyimbo. Nzuri, za huzuni, kila moja ina mwanzo na mwisho wake, nimezipanga kwa adabu. Latifu akazitia, akacheza, kisha akaniita.

"Mzee, tazama. Huyu kasimama uchochoroni anatafuta ufunguo. Yuko hapa dakika arubaini. Nyimbo yako ishakwisha mara kumi."

"Mbona hauoni huo ufunguo?"

"Ndo mchezo wenyewe, mzee."

Nikamtazama yule msichana kwenye kioo, anageuka huku, anageuka kule, na miguu yake ile. Nikasikia sauti ya Fundi Vuai sikioni: piga miguu. Jamani, nilicheka mpaka nikakohoa. Kumbe ilikuwa kazi yangu ile ile! Nikamwambia Latifu zikatwe zote vipande, kila kipande kiweze kujizungusha bila kuonekana mshono, na kila kimoja kiwe na mlango wa kuingilia mwenzake. Mchezaji akisimama, tunabaki naye. Akikimbia, tunapanda. Akijificha, linabaki sanduku peke yake, chini kabisa. Latifu aliniambia jina la kitaalamu la jambo hilo. Nimelisahau, na mshahara wangu haukupungua.

Kipande cha kuzunguka kina mtihani wake, na mtihani niliokuwa nao mimi hauuzwi dukani. Bi Mize akikaa kwenye mbuzi kukuna nazi, naweka kipande kinazunguka karibu yake na mimi najifanya nasoma gazeti. Akikuna kwa mwendo wake mwenyewe, kipande ni kizuri. Akianza kukuna kwa mwendo wa muziki, kibaya, kinamwendesha, kitamchosha mchezaji. Akiacha kukuna akaniuliza kama nimepagawa, nakifuta siku hiyo hiyo. Nyumba yangu ilikula tui miaka minane, lakini hakuna kipande changu hata kimoja kilichorudishwa kwa kuchosha.

Tena msiamini spika nzuri. Kwenye spika nzuri hata mlango unaolia ni muziki. Mimi nilikuwa nachukua simu kongwe ya Latifu, yenye ufa, naiweka ndani ya sufuria. Kitakachobaki kinasikika humo ndicho ulichonacho. Vingine vyote ni mapambo.

Na hili la miaka ijayo. Nimewaona vijana wengi wakiambiwa "miaka ijayo" wanakimbilia vinanda vya umeme. Sasa fikirini wenyewe. Mji umeharibika, umeme nao wa kugawiwa kwa kidole, nani atapiga hicho kinanda? Mimi nilijiuliza swali la fundi: kitu gani kitabaki ambacho mtu anaweza kukitengeneza mwenyewe kikikatika? Uzi wa kuvulia utabaki. Sanduku litabaki. Basi sauti ya chini ya mji mzima nikaifanya ya sanduku, limelegezwa mpaka karibu na kutosikika, na wageni wengi waliokuja kuucheza mchezo baadaye walidhani ni mtambo wa aina yake. Niliwaacha wadhani.

Si kwamba nilipatia kila kitu. Kunguru wa chuma walihitaji mlio wenye mahadhi yake, nikapanda gari mpaka Kizimkazi kurekodi injini za boti zinazopeleka watalii kuwatazama pomboo. Mlio ulikuwa mtamu, mzito, unakuja na kuondoka. Nikakabidhi kazi kwa majivuno. Siku Nasra alipoujaribu, kunguru wa kwanza akapita juu ya paa, mji umetulia, moyo unadunda, na kunguru akasema kwa sauti ya wazi kabisa: "Kulia, mama, kulia! Huyoo anaruka!" Alikuwa mpiga mbizi wa boti ya pili, sikumsikia kwa sababu alisimama upande wa sikio langu la kushoto. Latifu amemuweka kunguru yule kwenye kompyuta yake mpaka leo, humpigia nikimzidi maneno.

Lakini hilo lilikuwa dogo. Kosa kubwa lilikuwa la Mkuu wa Ukuta.

Anapotokea barazani kwake juu, na vazi lake la chuma, mchezaji anatakiwa atamani kurudi alikotoka. Nilikuwa na mahadhi fulani niliyoyapenda tangu ujana, tuliyokuwa tukiyapiga maharusini, ya fidla, yanashuka ngazi kwa ngazi. Nikayaondoa maneno. Nikamwambia Latifu ayapige taratibu, mara tatu polepole kuliko mwendo wake, mpaka kila noti inaburuta mguu. Ilitisha, wallahi. Latifu alisema nywele zimemsimama. Nasra, kwa furaha, akawaalika mama yake na shangazi zake wanne waje waone alichoachia ofisi.

Wakakaa kwenye mikeka na mabuibui yao na maandazi waliyokuja nayo. Taa ikapunguzwa. Msichana akafika uwanjani. Juu kabisa, Mkuu wa Ukuta akatoka. Fidla ikaanza kushuka. Wale wanawake wakatazamana. Shangazi mmoja akaanza kutikisa mabega. Kisha wote watano, pamoja na mama mtu, wakapokea kwa sauti moja:

"Ndevu kazitia hina, magoti atayapaka nini!"

Maana hiyo ndiyo nyimbo. Alitungiwa mzee mmoja aliyeoa binti mdogo, na hakuna mwanamke wa umri ule Unguja asiyeijua. Unaweza kuyafuta maneno kwenye kompyuta, lakini kwenye vichwa vya wenyewe hayafutiki. Kila Mkuu wa Ukuta alipoinua mkono wa chuma, wakamuuliza habari za magoti. Shangazi mmoja alilala chini kwa kicheko, andazi mkononi.

Mimi pia nilicheka, Mungu anisamehe. Kisha nikamtazama Nasra. Alikuwa anajaribu kutabasamu na hawezi. Wanawake walipoondoka, bado wanaimba ngazini, akaniambia polepole, "Mama kafurahi. Sijamuona kacheka vile tokea nlipoacha kazi." Akaanza kukunja mikeka. "Lakini wageni wanakuja baada ya wiki mbili, mzee, na mie sina mtawala wa kumuogopa mtu."

Niliona haya kuliko siku uzi uliponichapa usoni. Nilimharibia mbele ya mama yake, na kwa uvivu, kwa sababu nilichagua ninachokipenda mimi.

Nikaingia kwenye kanda zangu kutafuta mahadhi yasiyo na maneno ya mtu. Siku nne. Vijana, kama mna nafasi jaribuni, mtaona. Hapa kwetu hakuna mahadhi yatima. Hii ya mke mwenza, hii ya jirani mmbeya, hii ya aliyekwenda Uarabuni hakurudi. Nikipiga noti tatu, Bi Mize kutoka jikoni ananimalizia ubeti. Nikaona basi, tumekwisha, mji utakwenda kwa watu wenye baridi.

Siku ya tano, alasiri, tulikuwa na harusi ya mpwa wa Bi Mize. Ukumbi mkubwa, spika ndefu kunishinda mimi. Wakaweka nyimbo ya zamani iliyorekodiwa, ile ambayo mwitaji anaita na watu wanaitika, lakini sauti za waitikiaji zilikuwa zimefifia, kanda imechakaa. Mwitaji akaita. Watu wanakula biriani. Akaita tena. Watu wanatazama simu. Sauti inakuja nzito kwenye spika, inangoja pale inapotakiwa kungoja, na ukumbi mzima wa watu mia tatu hakuna aliyefungua mdomo. Nilihisi baridi mgongoni. Nilikuwa nimeshakula sahani mbili, kwa hiyo haikuwa njaa.

Kesho yake nikaenda Mkokotoni kwa Fundi Vuai.

Nilikuwa sijamuona miaka. Alikuwa amekwenda hija, na aliporudi akaiweka fidla juu ya kabati akaachana na muziki, kama walivyofanya wengi wa rika letu. Nilimkuta anashona wavu, hana miwani.

"Makame! Bado hujafa?"

"Nlikuwa nnakungoja wewe utangulie, fundi."

"Kaa. Umekuja kutaka nini? Wewe huji bure."

Nikamweleza. Mji, ukuta, kunguru, msichana. Akasikiliza mpaka mwisho, kisha akatikisa kichwa.

"Fidla sishiki. Nshamwahidi Mwenyezi Mungu, na wewe si mtu wa kunivunjisha ahadi."

"Sitaki fidla. Wala ngoma. Nataka uite tu, kavu, vile tulivokuwa tukifungulia harusi."

Nyinyi hamkuisikia, niwaambie. Kila harusi, kabla ya wimbo, Fundi Vuai alikuwa akisimama na kuita kwa sauti ya kuvuta: "Wa mbele mpo?" Sisi wanne tunajibu: "Tupo!" na uwanja unatupokea. "Wa nyuma mpo?" Tupo! "Mlioalikwa mpo?" Tupo! Halafu anashusha sauti, kama mwenye siri: "Na msioalikwa?" Hapo ndipo uwanja unapasuka, maana ndio wengi, na ndio wanaokuja mapema.

Akacheka kwa kukumbuka. "Na nani ataitika? Ame hayupo, Haji hayupo, Khamis hayupo. Tumebaki mie na wewe, na wewe huna sauti."

"Hapana atakayeitika, fundi. Ndo kazi yenyewe. Mji huo watu hawaruhusiwi kusimama pamoja. Anaitwa kila mtu, hapana mtu."

Akaacha kucheka. Akaushona wavu macho mawili matatu.

"Na huu ni mchezo wa watoto?"

"Wa watoto."

"Watoto wa siku hizi wana moyo," akasema. "Haya. Kuita ntaita."

Tukamrekodi chumbani kwa Nasra, baada ya sala ya adhuhuri, madirisha yamezibwa kwa magodoro na vespa zinapita chini zikitutia wazimu. Latifu akaweka maikrofoni. Mimi nikakaa mbele ya Fundi Vuai, kwa sababu alisema hawezi kuita ukuta. Sharti langu lilikuwa moja tu: nisiitike.

"Wa mbele mpo?"

"Tupo!" nikasema.

Lilinitoka. Miaka thelathini neno lile linatoka lenyewe. Tukaanza upya.

"Wa mbele mpo?"

"Tupo!"

"Mzee Makame," Latifu akasema kwa adabu ya kulazimisha, "labda ungekaa nje kidogo."

"Akitoka huyu, na mie natoka," akasema Fundi Vuai.

Basi nikaivua kofia yangu, nikaikunja, nikaitia mdomoni. Nasra akageukia dirishani asicheke. Tukaanza mara ya tatu.

"Wa mbele mpo?"

Akangoja. Alingoja muda ule ule wa siku zote, hakuzidisha, hakupunguza, na alikuwa akinitazama mimi. Nikang'ata kofia.

"Wa nyuma mpo?"

Akangoja tena, na safari hii macho yake yalipita pembeni yangu, yakatua kushoto kwangu, alipokuwa akikaa Ame na vidumbaki vyake. Yakahamia kulia, kwa Haji. Yakenda nyuma, kwa Khamis. Aliita kwa wema, kama mtu anayegonga nyumba ya jirani ambayo mlango uko wazi.

"Mlioalikwa mpo?"

Mimi nilikuwa nalia na kofia mdomoni, sioni aibu kuwaambia. Nilikuwa nataka kuitika kuliko nilivyowahi kutaka kitu.

"Na msioalikwa?"

Latifu alisahau kuzima mashine. Baadaye Fundi Vuai akajipangusa uso kwa kiganja, akaomba chai, akaniambia kofia yangu haifai tena kusalia. Kisha akasema, "Usiniite tena kwa kazi kama hii, Makame," na hakuwa anatania.

Latifu akaipanga hivi. Msichana anapoingia uwanja wa kwanza, hakuna muziki, kuna sanduku chini kabisa na ule mwito. Akimpata mtu wa kwanza na kumtoa alikofichwa, mwito ukija inaitika sauti moja. Akipata wa pili, mbili. Akifika ukutani, wameshakuwa mji mzima, na hao walikuwa majirani zetu wote wa mtaani, pamoja na mama na shangazi za Nasra, ambao ilibidi kuwasihi waache habari za magoti. Lakini hayo yako mbele sana kwenye mchezo. Siku ya wageni wangeona mwanzo tu.

Nawaambia mapema, msije mkanikatisha: mji ulibaki wa Nasra, jina lake na milango yake, na mama mtu sasa anautaja kwa watu hata asipoulizwa. Ninachotaka kuwaeleza ni kilichotokea chumbani.

Walikuja watatu, wawili wa kuandika na mmoja wa kucheza, mtu mrefu aliyegonga kichwa kwenye kila mlango wetu. Neno la Kiswahili alilojua ni la kusalimia, na alilitumia kila alipogonga. Akakaa, akavaa hedifoni, akaanza. Nasra alisimama nyuma yake, mikono ameificha ndani ya mtandio. Mimi nilikaa kwenye kizingiti cha dirisha, nasikiliza kwa waya wa pili.

Msichana akaingia uwanjani. Sanduku. Halafu, kutoka mbali, na tafsiri yake ikipita chini ya kioo, Fundi Vuai: wa mbele mpo?

Mikono ya yule mtu ikasimama.

Wa nyuma mpo? Akamgeuza msichana atazame nyuma. Uwanja mtupu. Mlioalikwa mpo? Akamzungusha pande zote nne, polepole, anatazama madirisha. Mwito wa mwisho ukaisha. Kisha akavua hedifoni, akageuka, akamuuliza Nasra jambo kwa sauti ndogo.

Nasra akanifasiria.

"Anauliza, wengine wako wapi?"

Nilikuwa na majibu mengi ya kitaalamu. Niliyaandaa wiki nzima.

"Mwambie Haji yuko Mwanakwerekwe, makaburini," nikasema. "Ame yuko Mkokotoni, nyuma ya msikiti. Khamis alikuwa anavuka bahari kwenda Tumbatu, hatukumpata."

Nasra akamwambia, jina kwa jina. Yule mtu akanitazama kidogo, akarudisha hedifoni masikioni, akamuingiza yule msichana kwenye uchochoro wa kwanza, akaenda kuwatafuta.